Mikono Kwanza, Maneno Baadaye: Mwongozo wa Kumtuliza Mtoto Aliyelemewa kwa Kazi za Ubunifu Nyumbani

Mtoto wa miaka saba anayelalamika kwamba tumbo linamkata kila asubuhi ya siku ya shule, na ambaye Jumamosi hukimbia vichochoro vya mtaa wa Langoni, hapa Lamu, mpaka gatini bila kushika tumbo hata mara moja, hadanganyi. Tumbo linamuuma kweli. Mwili wenye hofu humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza na usagaji wa chakula ukavurugika, na mtoto ambaye hajapata neno la kuiita hofu yake hutaja mahali anapoisikia. Mtu mzima husema "nina mawazo". Mtoto husema "tumbo", au hasemi kitu, akamfinya mdogo wake.

Nimefundisha watoto wadogo hapa Lamu na nimelea wangu katika mji huu huu, na jambo nililolazimika kujifunza polepole ni kwamba mtoto aliyelemewa hafunguki kwa maswali. Hufunguka mikono yake ikiwa na kazi, na mtu anayempenda akiwa ameketi kando yake. Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi au shangazi anayeishi na mtoto wa kati ya miaka minne na kumi na miwili, na hauhitaji fedha wala utaalamu wa sanaa.

Hatua ya kwanza: mtazame kwa wiki moja kabla ya kufanya lolote

Sababu za msongo kwa watoto wetu ni nyingi na nyingine hatuzioni kuwa sababu. Baba amekwenda baharini wakati wa kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, na chombo kimechelewa. Mama amesafiri kutafuta kazi Arabuni. Wazazi wameachana na mtoto analala nyumba mbili. Babu amefariki na hakuna aliyemweleza amekwenda wapi. Mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita unakaribia na kila mgeni anayepiga hodi anamuuliza amejitayarisha vipi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata, wazazi wengi wa kaunti hii walijionea jinsi mtoto anavyoisoma hofu katika uso wa mkubwa hata pale ambapo hakuna aliyemwambia neno.

Kwa siku saba, andika nyuma ya kalenda kile unachokiona na saa unayokiona: amekojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha, ameweweseka, amerudia kunyonya kidole, amekataa chakula anachokipenda, amemng'ang'ania mama mlangoni, amepiga mwenziwe chuoni, yaani madrasa. Usimwambie kwamba unaandika. Mara nyingi mwisho wa wiki utaona kwamba dalili zina mahali pake, kwa mfano zinakuja Jumapili jioni au kila mara baada ya simu fulani, na hapo utajua mambo mawili: kinachomlemea, na saa ambayo anahitaji zaidi mtu wa kukaa naye.

Hatua ya pili: weka saa na mahali, kisha usivibadilishe

Mtoto wa Lamu ana siku ndefu. Anatoka shule, anakwenda chuo, anatumwa dukani, na jua linakuchwa. Nafasi iliyo bora, kwa nyumba nyingi ninazozijua, ni baada ya alasiri, kama saa kumi na nusu hivi, kabla pilikapilika za magharibi hazijaanza. Nusu saa inatosha, na kwa mtoto wa miaka minne au mitano dakika kumi na tano zinatosha. Mara tatu kwa wiki, kwa siku zinazojulikana, kuna faida kubwa kuliko saa tatu nzima siku moja ya mapumziko, kwa sababu kinachomtuliza mtoto ni kujua kwamba Jumatano itakuja na mkeka utatandikwa.

Tandika mkeka huo mahali pamoja kila mara: kiwandani, yaani ua wa ndani, kama nyumba yenu ni ya zamani na inao, barazani kama njia ni tulivu, au pembe ya chumba wakati wa masika mvua inapotufungia ndani. Zima televisheni, na simu yako iache chumba kingine, kwani mtoto akikuona unaitupia jicho ataelewa kwamba nusu saa ile si yake.

Hatua ya tatu: kusanya vifaa pamoja naye

Usinunue kitu mwanzoni. Kwenda kukusanya ni sehemu ya kazi yenyewe, na mtoto mwenye msongo hunufaika kwa kutembea na kuchagua. Maboksi ya biskuti ya dukani hupasuliwa yakawa karatasi kubwa za kuchorea. Makaa yaliyozimika vizuri huchora mstari mweusi ulio laini kuliko kalamu. Manjano yaliyokorogwa kwa maji kidogo hutoa rangi ya njano, na kahawa hutoa hudhurungi. Fundi wa nguo atakupa mabaki ya vitambaa ukimwomba. Ukiwa na jamaa Matondoni au Kipungani, agiza fungu la miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, na nitaeleza baadaye kwa nini. Vifuu, makumbi na karara za mnazi huokotwa, na ndara zilizoletwa na maji ufuoni hukatwa kwa mkasi zikawa magurudumu, mihuri ya kupigia rangi au samaki. Watoto wetu hawahitaji kushawishiwa juu ya hilo: Flipflopi, chombo cha tanga kilichojengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndara za kila rangi, kilizinduliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Unguja.

Neno moja la tahadhari kuhusu hina. Hina ya majani iliyosagwa ni rangi nzuri kwa karatasi na kwa viganja, lakini piko, yaani rangi nyeusi inayotengenezwa kwa dawa ya kupaka nywele, isimguse mtoto kamwe. Dawa hiyo inaweza kuchoma ngozi ikatoa malengelenge na kuacha alama.

Hatua ya nne: anza na pumzi

Mtoto ambaye moyo wake unakwenda mbio hawezi kuchora wala kusuka; atavunja makaa na kutupa karatasi. Mwili ushushwe kwanza. Njia ninayoipenda ni povu. Kata kikonyo cha jani la mpapai, ambacho ndani ni tupu, kikoshe vizuri mpaka utomvu mweupe uishe kwa sababu huwasha ngozi, kisha mpe mtoto kikombe cha maji ya sabuni. Akipuliza kwa nguvu, povu linapasuka. Akipuliza polepole kwa pumzi ndefu, linavimba na kuruka. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hupunguza kasi ya moyo, na mtoto amelifanya hilo mara kumi bila mtu yeyote kumwamuru atulie. Mtoto mdogo akumbushwe tu kwamba maji yale hayavutwi.

Hatua ya tano: keti kando yake, na uchunge ulimi

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minane mwaka ambao chombo cha baba yake kilichelewa siku mbili upande wa Kiwayu, katikati ya kusi. Baba alirudi salama, lakini mtoto aliendelea kuamka usiku. Jioni moja alichora kwa makaa bahari nyeusi tititi, na juu yake dau lisilo na mtu. Nilimwuliza, kwa upole niliodhani unatosha, "Mbona hukumchora baba?" Aliichana karatasi vipande vidogo vidogo, na kwa muda wa wiki nzima hakugusa makaa.

Swali langu lilikuwa mtihani. Nilimtaka aeleze jambo ambalo alikuwa bado analitafuta, na juu ya hayo nilimwonyesha kwamba mchoro wake una kosa. Nilipoanza tena sikumwambia achore. Nilitandika mkeka, nikaketi, nikaanza kuchora dirisha la jirani, vibaya sana, maana mimi si mchoraji. Siku ya pili aliketi karibu. Siku ya nne alichora dau lile lile, na bila kunitazama akasema, "Hawaonekani kwa sababu wamelala ndani." Nikamjibu, "Aa, wamelala," nikaendelea na dirisha langu. Usiku ule hakuamka.

Kwa hiyo, fanya kazi yako mwenyewe kando yake, badala ya kumkalia usoni kama msimamizi wa mtihani. Taja unachokiona bila kukipima: "Naona umetumia nyeusi nyingi upande huu," au "Mstari huu umefika mpaka ukingoni." Ukitaka kumfungulia mlango, sema, "Nieleze, ukipenda," kisha ukubali asipoeleza. Epuka "Hiki ni nini?" na "Punda hana rangi hiyo." Epuka hata "Vizuri sana!" inayotolewa kwa kila kitu, kwa maana mtoto anayesifiwa kwa mchoro mzuri hujifunza kuchora kinachompendeza mama, naye mama hatauona tena ule mweusi. Mtoto akiamua kusimulia jambo la kutisha lililompata, msikilize mpaka mwisho. Akinyamaza katikati, usimvute. Kumlazimisha mtoto kurudia kisa kilichomuumiza kunaweza kumuumiza upya.

Ziko familia ambazo hazipendi kuchora viumbe vyenye roho, na hilo halipunguzi chochote. Mji huu umejaa mifano mingine: milango iliyochongwa maua na minyororo, nakshi za chokaa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za zamani, mawimbi, matanga, mikoko ya Manda. Mtoto anaweza kumaliza huzuni nzima ndani ya nakshi ya mlango mmoja.

Hatua ya sita: linganisha kazi na hali ya mtoto

Kwa mtoto mwenye hasira, anayepiga na kurusha vitu, anza na kinyunya. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, kisha ongeza maji kidogo kidogo, kama kikombe kimoja, mpaka kisishike mikononi. Aukande kwa nguvu zake zote, aupige, aukate, mwishowe aufinyange kitu. Si chakula, mwambie mapema. Wakati mwingine mpe debe na vijiti viwili, mpige kwa zamu, wewe ukianza kwa mdundo wa haraka kama wake na kuupunguza taratibu. Atakufuata bila kujua. Nyumba isiyopendelea ngoma ina kaswida, ambayo watoto wanaijua kutoka chuoni, na kuimba kwa pamoja huongoza pumzi vilevile.

Kwa mtoto mwenye hofu, hadithi. Sema "Paukwa!" naye aitike "Pakawa!", kisha mtolee sungura mdogo anayeishi kwenye mikoko na ambaye usiku husikia mlio asioujua. Fika hapo usimame, umwulize, "Sungura akafanya nini?" Hofu ikiwa ya sungura, mtoto anaweza kuigusa, ingekuwa yake angeikimbia. Mwache aimalize atakavyo, hata sungura akiliwa. Kesho atamwokoa, au kesho kutwa, na usimharakishe kwa kumtia mafunzo mdomoni.

Kwa hofu ya muda, kama ile ya kabla ya mtihani, nenda naye ufuo wa Shela maji yakiwa yamekupwa, achore mchangani kwa kijiti kitu kinachomsumbua, kikubwa atakavyo, kisha mketi mbali kidogo mkingoje maji yajae. Baina ya kupwa na kujaa ni kama saa sita, basi chagua wakati maji yameshaanza kurudi. Mtoto asiachwe peke yake karibu na maji, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana.

Kwa mtoto aliyenyamaza, yule anayejibu "sijui" kwa kila swali na kukaa pembeni wenziwe wakicheza, hakuna kazi ninayoiamini kuliko ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa, ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Lowesha miyaa kidogo ili isivunjike, ichane iwe membamba yenye upana mmoja, funga tatu pamoja kichwani, na umwonyeshe kusuka kama unavyosuka nywele: wa kulia juu ya wa kati, wa kushoto juu ya wa kati. Akizoea, ongezeni ziwe tano. Ukitaka rangi, chemsha miyaa katika maji yenye rangi ya unga, lakini kazi ya jikoni ni yako.

Kuna sababu mbili za ukili kufaa. Ya kwanza ni mwendo wake, kwa kuwa mkono unarudia jambo moja, polepole, kwa kipimo kimoja, na pumzi huanza kufuata mkono. Ya pili ni macho. Wanawake wanaosuka pamoja hawatazamani usoni. Kila mmoja anatazama ukili wake, na mazungumzo yao hufika mbali kuliko yale ya watu waliokabiliana. Mtoto wa kike niliyekuwa nikimfundisha, aliyefiwa na bibi yake, alisuka nami siku sita bila kusema jambo zaidi ya "umekatika" na "nipe mwingine". Siku ya saba, ukili ukiwa umepita urefu wake mwenyewe, aliniuliza kama bibi anasikia baridi kaburini. Swali hilo alikuwa nalo tangu siku ya mazishi. Nilimjibu kwa ukweli na kwa ufupi, kwamba mwili wa bibi hausikii tena baridi wala maumivu, naye akaendelea kusuka.

Usiufanye ukili huo kuwa kazi ya kuuza wala usimhesabie urefu. Ukikatika njiani, unganisheni.

Wakubwa kidogo, wa miaka kumi mpaka kumi na miwili, wanaweza kuona haya kufinyanga. Wape kalamu. Mtoto wa hapa amekulia kwenye mashairi ya harusi na ya mahafali, na beti nne za vina hafifu kuhusu rafiki aliyemwacha ni kazi kamili. Anaweza kumwandikia barua mzazi aliye mbali na kuamua mwenyewe kama itapelekwa. Au tumieni kopo lenye kifuniko, likae kidakani: kila wasiwasi unaandikwa kwenye kijikaratasi na kutiwa ndani, kisha mara mbili kwa wiki, saa ileile ya mkeka na si wakati wa kulala, mnalifungua pamoja kuona lipi limekwisha na lipi linahitaji msaada wa mkubwa.

Hatua ya saba: kumaliza

Dakika tano kabla ya mwisho mwambie kwamba mnakaribia kumaliza. Yeye ndiye atakayeamua kama kazi itatundikwa, itafichwa au itachanwa. Usiionyeshe kwa wageni wala kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp bila ruhusa yake, kwa sababu siri iliyotoka mara moja haitaletwa tena kwenye mkeka. Oshaneni mikono. Kama siku hiyo wewe mwenyewe una hasira au machozi, mwambie wazi, "Leo mama amechoka, kosa si lako, kesho tutaketi," na uitimize kesho hiyo.

Kazi hizi hazifidii usingizi: mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili kila siku, na yule anayelala saa sita hatatulizwa na rangi. Wala hazimalizi chanzo. Kama kinachomtisha ni fimbo au maneno ya mtu fulani, mtu huyo ndiye wa kushughulikiwa.

Wakati wa kutafuta msaada zaidi

Dalili zikiendelea zaidi ya wiki mbili, au zikizidi, nenda kituo cha afya. Usingoje hata siku moja iwapo mtoto anazungumza kuhusu kufa au kujiumiza, ameacha kula, au umepata dokezo kwamba kuna mtu anayempiga au kumgusa vibaya. Kwa mambo kama hayo kuna pia nambari ya 116, simu ya msaada kwa watoto, inayopigwa bure nchini Kenya usiku na mchana. Utakapokwenda kumwona daktari au mshauri, beba ile kalenda uliyoandika nyuma, pamoja na michoro miwili au mitatu yenye tarehe. Mwombe mtoto ruhusa kabla ya kuichukua, naye achague ni ipi itakayokwenda.